Sanduku Hili Si la Shule

Gitaa lina mfuko wake, spika ina magurudumu yake, lakini pedali hakuna aliyezifikiria. Nasema vile visanduku vya chuma vinavyokanyagwa kwa mguu ili gitaa likwaruze au litoe mwangwi. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2017, nazibeba katika ile ya kitambaa inayochanika kwa kutazamwa tu. Kipochi halisi kipo dukani mjini, kwa bei inayokaribia kodi yangu ya nyumba mtaani Umoja, na keyateka hapokei vipochi.

Basi nikaenda Kamukunji kutengenezewa sanduku la bati. Hapa ndipo Rais Moi alipofika mwaka 1985 akawakuta mafundi juani, wakaahidiwa vibanda. Vibanda vilijengwa, wa kupunguza kelele za nyundo bado hajafika. Kwa hiyo vipimo nilivitoa kwa kupiga mayowe: bati jepesi, kimo kifupi, kifuniko kinachong'oka chote.

"Kimo hiki, blanketi la mtoto litaingia wapi?" fundi akauliza.

"Si la shule, fundi. Ni la muziki."

"Redio?"

"Pedali."

"Za baiskeli?"

Nikamchorea tena. Akautazama mchoro kwa huruma. "Kijana wangu, kitu chenye kifuniko cha kung'oka ni sufuria."

Alilitengeneza, lakini mkono wake umezoea masanduku ya wanafunzi ya kila Januari. Akatia pete ya kufuli ambayo sikuiomba, akalipaka rangi nyeusi, kisha akauliza aandike jina na shule gani.

Ndani ndiko kwenye kazi. Pedali nimezishika kwa velkro niliyobandua kwenye viatu vya mitumba vya Gikomba. Tatizo ni umeme. Pedali nyingi hutumia volti 9, hasi ikiwa katikati ya plagi, na adapta nyingi za kawaida zina chanya hapo katikati. Ukikosea, unaweza kuichoma pedali kabla ya wimbo wa kwanza. Muuzaji wa adapta barabarani ukimweleza hivyo anakuona mgonjwa: "Volti tisa ni volti tisa, bosi." Ukipata adapta sahihi ukazilisha pedali zote kwa waya mmoja, ile ya kidijitali huanza kulia kama mbu ndani ya spika, na mchungaji anatazama juu akidhani ni mabati ya kanisa. Ukizitenganisha, kila moja na adapta yake, stima inapotea mtaa mzima.

Mjomba wangu hufurahia sana hapo. Hunikumbusha kwamba akina George Mukabi walipiga gitaa kavu, vidole na nyuzi, mwenzao akigonga chupa ya soda, na Kenya nzima ikacheza. Sawa, mjomba. Lakini Mukabi hakuitwa harusini Donholm na watu wanaotaka rumba, gospeli na roki kabla keki haijakatwa.

Majirani nao wana maoni yao. Yule wa chini huniita fundi wa mabomba, na juzi aliniletea bomba linalovuja. Mama muuza mboga anauliza mtoto wangu amepata shule gani. Sina mtoto.

Yote hayo navumilia. Ila wewe kondakta wa laini yetu, kama unasoma hapa: sanduku nalipakata mwenyewe, halijakalia kiti cha mtu, na nauli yake silipi.