Namna ya Kushindwa Kura Ukabaki Mshindi

Karibu, mheshimiwa. Usishtuke nikikuita hivyo. Ukishabandika picha yako kwenye nguzo moja ya stima pale Rodi Kopany au Awendo, jina hilo ni lako hadi kaburini, hata ukipata kura za watu wa nyumbani peke yao.

1. Shinda mapema. Vituo vinafungwa saa kumi na moja jioni, nawe simama kwenye kile kilicho karibu na boma la mama yako. Fomu ikibandikwa mlangoni, ipige picha, itume kila gurupu la WhatsApp, uandike “Tunaongoza.” Kisha zima simu. Matokeo ya kwingine yakija, huo ni wizi.

2. Ukikosa cheti cha uteuzi cha chama cha ODM, usilie hadharani. Sema wazee wamekusukuma, panda chama kingine, na umtaje Okoth Obado kila mkutano: mwaka 2013 aligombea kwa chama cha PDP, akambwaga mgombea wa ODM na kuwa gavana wa kwanza wa Migori. Kwamba wewe si Obado, waache wagundue wenyewe.

3. Taja korti, lakini usiende. Sheria inakupa siku 28 za kuwasilisha kesi. Zitumie zote kusema mawakili wanapitia fomu. Siku ya 29, wasamehe wapinzani wako kwa ajili ya amani ya kaunti.

Ukiona nakutania, tazama Homa Bay. Mwaka 2017 Cyprian Awiti alitangazwa gavana. Mpinzani wake, Oyugi Magwanga, akaenda kortini, na Februari 2018 Mahakama Kuu ikafuta uchaguzi ule. Mahakama ya Rufani nayo ikakubaliana na Mahakama Kuu. Watu wa Magwanga wakashangilia mara mbili, na mara zote mbili Awiti akaamka asubuhi akaenda ofisini. Februari 2019 Mahakama ya Juu ikamrudishia ushindi wake. Huyu kashindwa mara mbili bila kutoka kitini, yule kashinda mara mbili bila kukikalia! Magwanga aliingia ofisini 2022, akiwa naibu wa gavana Gladys Wanga. Kwa hiyo usimruhusu mtu yeyote akuambie mambo yamekwisha.

4. Ila ufike. Timu ya soka ya Sony Sugar ya Awendo, mabingwa wa ligi kuu mwaka 2006, walifukuzwa ligini 2019 kwa kukosa kutokea uwanjani. Ukishindwa ukiwa uwanjani, utamlaumu refa. Usipofika utamlaumu nani?

5. Chinja. Ng'ombe uliyemnunua kwa ajili ya sherehe yuko tayari, na sufuria zimekodiwa. Badilisha bango tu: palipoandikwa “Ushindi” paandikwe “Shukrani.” Wageni watakula vilevile, na vijana wa boda boda watapiga honi vilevile mradi uwape mafuta. Keti meza ya mbele. Toa hotuba ndefu kuliko ya aliyechaguliwa, umpongeze kwa kuwa wa pili mioyoni mwa watu.

Mwenye tenti akipiga simu kudai pesa zake, mwambie jambo hilo liko mikononi mwa mawakili.