Mbuzi, Nyanya na Karatasi Tatu: Mwongozo wa Biolojia kwa Kidato cha Nne wa Illasit

Mwongozo huu ni wako, mdogo wangu, wewe unayesoma kidato cha nne Illasit, Rombo, Kimana au kokote chini ya Kilimanjaro ambako kengele ya prepu hulia jogoo angali amelala. Ni wako pia ukiwa Kitengela, ila huko itakubidi uazime mbuzi. Mtihani wa KCSE ulifanywa mara ya kwanza mwaka 1989, na waliojiunga na kidato cha kwanza mwaka 2024 ndio watakaoufunga chini ya mfumo wa 8-4-4 mwaka 2027. Muda uliobaki ni mfupi, kwa hiyo twende moja kwa moja.

Ninaloamini ni hili: kazi za nyumbani unazozilalamikia kwamba zinakula muda wako wa kusoma zimebeba sehemu kubwa ya silabasi ya biolojia. Shule yako inaweza kuwa na hadubini moja inayogombewa na darasa zima. Lakini boma, shamba na soko la mpakani havina foleni.

Vifaa vinavyohitajika

- Mbuzi mmoja, hai, mwenye subira. Si lazima awe wako, bali mwenyewe awe na habari.
- Nyanya mbili: moja nzima, nyingine iliyotobolewa na wadudu.
- Kiazi kibichi, chumvi na kisu.
- Kibuyu cha maziwa, kikiwa na maziwa.
- Penseli iliyochongwa, rula na daftari.
- Usingizi wa kutosha. Hiki ndicho kifaa kinachopotea zaidi bwenini.

Hatua ya 1: Amka, tetemeka, andika

Saa kumi na moja alfajiri, upepo wa mlimani unapokuingia mgongoni ukielekea bafuni, usikimbie. Tazama mkono wako. Vinyweleo vimesimama kwa sababu misuli midogo iliyo kwenye mizizi yake imejikaza, na hewa iliyonaswa kati yake inapunguza joto linalotoroka. Mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi imejibana ili damu yenye joto ibaki ndani. Unatetemeka kwa kuwa misuli inachoma sukari haraka zaidi na kuzalisha joto. Anayetoa amri zote hizo ni hipothalamasi, sehemu ndogo ya ubongo isiyongoja kengele ya mtu yeyote. Hilo ni jibu kamili la swali la udhibiti wa joto mwilini, nawe umelipata kabla ya kunywa uji.

Usiku, toa miguu yako kwenye karai la maji baridi. Najua mila hiyo ya watahiniwa: miguu majini, macho kwenye kitabu, saa sita imepita. Ubongo huyapanga na kuyahifadhi ya mchana wakati umelala, na anayejinyima usingizi huamka akiwa amesoma mengi na kubakiza machache. Funga kitabu, ulale.

Hatua ya 2: Mwombe mbuzi afungue kinywa

Fomula ya meno imewatoa jasho watahiniwa wengi kwa sababu waliikariri kama namba ya simu. Mshike mbuzi taratibu, mwinue mdomo wa juu. Mbele hakuna jino hata moja, kuna ufizi mgumu tu. Chini kuna meno ya kukatia matatu kila upande, na jino la nne lililojipanga pamoja nayo ni chonge. Kisha kuna pengo, ambalo huupa ulimi nafasi ya kuyageuza majani. Nyuma yake kuna magego, matatu ya mbele na matatu ya nyuma, juu na chini. Hesabu upande mmoja, zidisha kwa mbili, utapata 32. Ukishayahesabu kwa macho yako, hutayasahau kwenye chumba cha mtihani.

Mbwa ana 42. Kwake yeye liamini daftari. Usimfungue kinywa mbwa wa boma kwa ajili ya maksi mbili, kwani kichaa cha mbwa hakijali kama wewe ni mtahiniwa.

Siku ya sherehe mbuzi anapochinjwa, wahi mapema. Omba moyo kabla haujakatwakatwa, uupasue kwa urefu. Ukuta wa ventrikali ya kushoto ni mnene kuliko wa kulia, kwa kuwa wa kushoto husukuma damu mwili mzima ilhali wa kulia huifikisha kwenye mapafu tu. Zitafute vali na nyuzi zinazozishikilia zisigeuke. Kwenye figo una nafasi finyu zaidi. Penye wazee wa Kimaasai, figo huliwa mbichi ingali na joto, kwa hiyo omba kwa heshima uipasue moja, uone tabaka la nje na la ndani, kisha umrudishie mwenyewe.

Hatua ya 3: Nenda sokoni, ukae na nyanya

Nyanya zinazojaza makreti zikisubiri malori ya kwenda Nairobi na Mombasa ni kitabu cha kurasa nyingi. Ikate moja kwa upana. Mbegu zimeshikamana na nguzo ya katikati ya tunda, na mpangilio huo huulizwa mara nyingi kwenye mtihani wa vitendo. Tunda lenyewe ni nyama tupu yenye mbegu nyingi. Maganda ya mbegu huhimili vimeng'enya vya tumboni, ndiyo maana mche wa nyanya huota nyuma ya choo bila kupandwa na mtu. Ukirudi nyumbani, chomoa kishonanguo kilichong'ang'ania soksi zako. Hiyo ni njia nyingine ya kusambaza mbegu, na wewe ndiye uliyekuwa gari.

Jioni, ukitumwa kutengeneza kachumbari, nyunyiza chumvi, ungoje. Maji yanayojaa sahani yametoka ndani ya seli za nyanya na vitunguu kuelekea kwenye chumvi kali: ni osmosisi, mbele ya wageni. Rudia kwa kiazi. Kata vipande viwili vya urefu sawa, kimoja ukitie kwenye maji matupu na kingine kwenye maji ya chumvi, uvipime kwa rula baada ya saa moja. Kimoja kitakuwa kigumu na kirefu kidogo, kingine kitalegea na kufupika. Andika vipimo vyote viwili, maana mtahini hulipa vipimo.

Sasa chukua nyanya iliyotobolewa. Aliyeitoboa huenda ni Tuta absoluta, nondo mdogo aliyetoka Amerika ya Kusini, akaingia Kenya na Tanzania mwaka 2014. Wakulima wa Tanzania humwita kantangaze. Fuatilia maisha yake: yai, kiwavi, pupa tulivu iliyofungwa, nondo. Hayo ni mabadiliko kamili ya umbo. Halafu muulize mkulima kwa nini dawa iliyomuua msimu ule haimuui tena. Waliokuwa na jeni za kustahimili dawa ndio waliosalia wakazaana, na kizazi kilichofuata kikawa chao. Umemaliza uteuzi asilia ukiwa umekalia kreti.

Hatua ya 4: Kabla ya kunywa maziwa, yaulize maswali

Kitabu cha kidato cha nne kitakupeleka Manchester, Uingereza, kumtazama nondo aliyekuwa mweupe, kisha weusi wa aina yake wakaanza kuonekana mwaka 1848 na kuongezeka kadiri masizi ya viwanda yalivyopaka miti rangi. Msome nondo huyo vizuri, mtihani unampenda. Lakini ushahidi mwingine wa uteuzi asilia umo ndani ya kibuyu cha mama yako.

Mamalia wengi hupoteza uwezo wa kusaga laktosi, sukari ya maziwa, wakishaacha kunyonya. Kimeng'enya cha laktesi hupungua, na mtu mzima wa namna hiyo akinywa maziwa mabichi tumbo humvuruga. Mwaka 2007 kundi la watafiti likiongozwa na Sarah Tishkoff lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu wa Kenya, Tanzania na Sudan. Walikuta mabadiliko ya herufi moja moja ya DNA, karibu na jeni ya laktesi, yanayoifanya iendelee kufanya kazi hadi utu uzima. Badiliko lililoenea zaidi miongoni mwa wafugaji wa Kenya na Tanzania ni tofauti na lile la Wazungu. Maana yake ni kwamba wafugaji wa hapa na wale wa Ulaya walilifikia jambo lilelile kila mmoja kwa njia yake, kwa sababu popote ng'ombe walipokamuliwa, aliyeweza kunywa maziwa alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuishi na kulea watoto.

Kwa hiyo unapogugumia kikombe cha pili, unatumia mageuzi ya maelfu ya miaka. Ukitaka ya kale zaidi, kaunti yako ya Kajiado ina Olorgesailie, kando ya barabara ya Magadi, ambako wanaakiolojia Mary na Louis Leakey walifanya uchimbuzi miaka ya 1940. Mashoka ya mawe yangali pale, mengi yamelala palepale yalipoachwa na watu wa kale. Ikiwa shule yako inapanga safari, ombeni hiyo.

Hatua ya 5: Hesabu panzi, waache tembo

Amboseli iko jirani, na tembo wake wamefuatiliwa mmoja mmoja tangu mwaka 1972, kazi ilipoanzishwa na Cynthia Moss. Watafiti huwatambua kwa masikio: kila mmoja ana matundu na mikwaruzo yake. Wewe huna gari wala miaka hamsini, basi chukua panzi.

Wakamate 40 kwenye kiwanja chenye nyasi, watie kila mmoja nukta ya rangi mahali isipomdhuru, uwaachilie. Kesho yake kamata 50. Ukikuta 10 wana nukta, zidisha 40 kwa 50, gawanya kwa 10: kiwanja kina panzi wapatao 200. Kumbuka masharti, maana huulizwa: pasiwe na wanaohama, nukta isifutike, na wenye alama wapate muda wa kuchanganyika na wenzao.

Kwa minyororo ya chakula, kaa na mzee anayeukumbuka ukame wa 2009. Nyasi zilikauka, nyumbu na pundamilia wakafa kwa wingi Amboseli, na simba waliokosa mawindo wakageukia mifugo. Msikilize huku ukichora mishale kutoka nyasi hadi simba. Mchoro wako utakuwa na uzito ambao mchoro wa kitabuni hauna.

Hatua ya 6: Kwenye sura ya uzazi, acha kucheka

Darasa zima litacheka siku ya kwanza, hata mwalimu atageukia ubao. Cheka dakika moja, kisha utulie, kwani hakuna sura inayokuhusu kuliko hii. Msichana anayejua jinsi homoni zinavyopanda na kushuka katika mzunguko wa siku 28 hivi anaujua mwili wake, na mvulana anayelijua hilo hatamdhihaki dada yake. Tangu 2017 sheria ya Kenya inaitaka serikali iwape wasichana wa shule za umma sodo bila malipo. Zisipofika shuleni kwenu, semeni kwa mwalimu, msione haya. Ukeketaji ulipigwa marufuku kwa sheria ya 2011, na ndoa ya aliye chini ya miaka 18 kwa sheria ya 2014. Ukiona kiti cha mwenzako kimebaki kitupu muhula huu, mtafutie mtu mzima wa kumsaidia. Hilo linapita maksi zote.

Hatua ya 7: Zikabili karatasi tatu

Karatasi ya kwanza ina maksi 80 kwa saa mbili, ya pili vivyo hivyo, na ya tatu, ya vitendo, ina maksi 40 kwa saa moja na dakika 45. Ya tatu ndiyo inayomlipa aliyemshika mbuzi na kukata nyanya.

Ukipima chakula, taja rangi. "Rangi ilibadilika" haina thamani; sema bluu-nyeusi kwa wanga uliotiwa iodini, zambarau kwa protini iliyotiwa sodiamu haidroksaidi na kopa salfeti. Kwa glukosi, pasha moto pamoja na dawa ya Benedict hadi iwe ya machungwa au nyekundu ya tofali. Ukichora, mstari uwe mmoja, usioungwaungwa wala kutiwa kivuli, na mistari ya majina isikatane. Ukiandika jina la kisayansi la ng'ombe au mhindi, lipige mstari chini, kila neno na mstari wake, la kwanza likianza kwa herufi kubwa. Katika karatasi ya pili, swali la sita ni la lazima, basi fanya mazoezi ya grafu hadi mkono uchoke. Kati ya la saba na la nane chagua moja, na usiguse yote mawili kwa tamaa.

Mtihani ni wa Kiingereza, lakini usianzie huko. Mweleze bibi yako kwa Kimaasai, au jirani wa Tarakea kwa Kiswahili, jinsi figo inavyochuja damu. Atakapouliza "kwa nini?" nawe ukaweza kumjibu, hapo ndipo umeelewa. Kiingereza cha jibu kitafuata.

Na ukishamaliza karatasi ya mwisho, usimwachie mwingine ulichojifunza. Kajiado inahitaji wauguzi, madaktari wa mifugo na maafisa wa kilimo wanaoweza kuketi na mfugaji na kumweleza, kwa lugha yake, kwa nini dozi ikikatizwa katikati vijidudu vinavyosalia ndivyo vigumu kuua, na kwa nini mkulima asinyunyize dawa ileile kila wiki. Elimu hiyo ikitolewa na mtoto wa hapa, husikilizwa. Jaza fomu zako za chuo ukijua hivyo.