Mti Usiokiri Kufa

Msaipresi, mgrevilea, mtarakwa na jamaa zao wasiopukutisha majani huhama kitaluni wakiwa na majani yao yote. Majani hayo hayapumziki: hupoteza maji usiku na mchana, wakati mizizi iliyotolewa kwenye kiriba bado haijajua maji ya shamba jipya yako wapi. Majira bora ya kuhamisha miche ya aina hii, basi, ni yale ambayo udongo una maji ya kutosha na jua halina haraka.

Ulaya na Marekani, wapandaji huangalia baridi. Mche huhamishwa mapema masika ya kwao ardhi inapoyeyuka, au mwishoni mwa kiangazi kabla haijaganda. Ngaramtoni, karibu na Arusha nchini Tanzania, nyuzi tatu na kitu kusini mwa Ikweta, kinachoangaliwa ni mvua. Mvua za masika huanza Machi, hukolea Aprili na kuaga Mei. Sifa yake kubwa ni kile kinachozifuata: kati ya Juni na Agosti huja baridi na mawingu, Mlima Meru hujifunika hata siku nzima, na mche hupata nafasi ya kushusha mizizi kabla ya ukavu wa Septemba. Mvua za vuli, Novemba na Desemba, nazo zinafaa, ila Januari na Februari zinasubiri nyuma yake, na mwenye shamba asiye na ndoo ni heri apande maneno.

Mvua ya kwanza ya Machi ni tapeli. Inapiga jioni moja, vumbi linatulia, na kesho yake kila mwenye jembe yuko shambani. Kisha jua linarudi wiki mbili. Udongo wa volkano hulowa juu upesi huku chini ukibaki mkavu, kwa hiyo kipimo cha kweli ni kuchimba: unyevu ukishafika sentimita 30, miche ipandwe. Mashimo huandaliwa mapema, na majirani huyalalamikia baada ya kutumbukia usiku. Chuo cha Misitu kipo Olmotonyi, si mbali na soko la Ngaramtoni, lakini ushauri mwingi wa upandaji hutolewa na kinyozi.

Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni 1 Aprili. Kwa hali ya hewa tarehe hiyo haina kasoro, japo inagongana na Siku ya Wajinga. Tatizo ni ratiba. Mche unapaswa kupandwa jioni au siku ya mawingu. Mgeni rasmi hufika saa sita, hotuba huisha saa nane, na mche huingia shimoni juani, wakati mwingine na kiriba chake kikiwa hakijachanwa. Picha hupigwa. Anayerudi kuufuatilia ni mbuzi.

Usafiri nao una maafa yake. Mche ulionunuliwa siku ya soko na kupakiwa nyuma ya bodaboda hadi Kisongo hupigwa na upepo wa njia nzima, na hufika ukiwa umekaushwa kuliko nguo zilizoanikwa kambani. Gunia lililoloweshwa lingetosha kuufunika.

Lakini ajali inayodumu kuliko zote ni ya Krismasi. Familia hununua msaipresi mchanga kwenye kopo, huuweka sebuleni, huuvika taa na pamba, kisha huuhamishia uani mapema Januari, mwanzoni mwa kiangazi. Mti hufa ndani ya siku chache, ila hausemi. Msaipresi huweza kubaki na rangi ya kijani majuma kadhaa baada ya kufa, na muda wote huo baba mwenye nyumba humwagilia maiti kila asubuhi, akiwaonyesha wageni jinsi ulivyoshika. Ukucha unatosha kumaliza ubishi: gome la shina likikwanguliwa na ndani pakaonekana kahawia pakavu, shughuli imekwisha.

Mapengo ya miche iliyokufa hujaziwa ndani ya mvua zilezile za masika, kabla Mei haijaisha, ili miche mipya isiachwe nyuma mno na wenzake. Aliyechelewa husubiri vuli, na muda huo unatosha kujenga uzio wa mbuzi.