Namba ya Siri Imekwenda kwa Nani?

Tangu juzi drafti ya kijiwe chetu haisogei. Vifuniko vya soda vimepangwa, kingi ya upande wa kushoto imebanwa kona, na hakuna anayeila. Sababu ni fundi viatu wetu. Kila meseji ikiingia, iwe ya bando kuisha, iwe ya wale matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii", anadondosha msumari na kutafuta miwani.

"Imekuja?" tunauliza kwa pamoja.

"Wapi!" Anasonya. Tunasonya naye.

Kwa msiokaa hapa: mwanawe amemaliza kidato cha sita mwaka huu, mchepuo wa PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ilipotangaza udahili wa awamu ya kwanza, jina lake likaonekana kwenye orodha ya waliochaguliwa zaidi ya chuo kimoja. Vitatu! Kimoja udaktari, kimoja sayansi za maabara, kimoja ualimu wa kemia na baiolojia. Siku hiyo kahawa ya kijiwe kizima alilipa fundi, na kashata juu.

Ila kuchaguliwa vyuo vitatu si kuvipata vyote. Lazima uthibitishe kimoja, na unathibitisha kwa namba ya siri unayotumiwa kwenye simu uliyojaza wakati wa kuomba. Siku za kuthibitisha zikipita, umejitakia mwenyewe. Namba hiyo ndiyo tunayoisubiri, utadhani ni sisi tutakaogombea kitanda hosteli.

Kijana wa bodaboda, ambaye shahada yake ya utawala imo kwenye begi la plastiki nyumbani kwa mama yake, hana huruma. "Enzi zetu mtambo ulikuwa mmoja," anasema. "Unapanga chaguo lako, TCU inakugawa, kwisha. Sasa kila mtu anaomba chuo kwa chuo, mmoja anakalia viti vitatu, wenzake wako nje wanasubiri awamu ya pili."

Mtambo huo ulianza 2010 ukakomeshwa 2017, na nakumbuka wakati ule vijiwe vilivyokuwa vikiusonya huohuo mmoja kwa kumpangia mtu kozi asiyoijua. Hatujawahi kukosa cha kusonya. Lakini juu ya viti vitatu namuunga mkono nusu. Mtoto haombi vyuo vitatu kwa ulafi. Anaomba kwa woga, maana hajui wenzake wana alama gani. Na kila ombi lina ada yake. Mwenye ada ya ombi moja tu amekaa nyumbani na karata moja mkononi, na huyo hatumsikii kijiweni kwa sababu baba yake hana cha kujisifia.

"Mnalia kwa wiki mbili," akaingilia mzee wa reli, mstaafu. "Sisi tulisubiri miaka."

Tukajua Azimio la Musoma linakuja, na likaja. Mwaka 1974 TANU iliamua kwamba mtu asitoke kidato cha sita moja kwa moja kwenda chuo kikuu. Kwanza afanye kazi, si chini ya miaka miwili, halafu apendekezwe na mwajiri na chama. Mzee alisubiri akiwa karani wa stesheni, akimwamkia katibu wa tawi asubuhi na jioni, hata akikutana naye bafuni kwa jirani. Barua haikuandikwa. Bado anasema mpango ule ulikuwa mzuri.

Muuza kahawa naye ana shemeji yake anaendesha lori Texas, kwa hiyo Marekani ni yake. Huko, anasema, kuna mtindo wa kuomba mapema: unachagua chuo kimoja tu unachokipenda kuliko vyote, unapeleka maombi mwanzoni mwa Novemba, jibu linatoka katikati ya Desemba. Ukikubaliwa umefungwa, unafuta maombi yako mengine yote.

"Huo si udahili," akasema bodaboda, "hiyo ndoa."

"Tena ya Kikatoliki," akaongeza mzee wa reli.

"Na kuna jibu la tatu," akaendelea muuza kahawa. "Hawakukubali, hawakukatai. Wanakusogeza mbele, usubiri na kundi kubwa mpaka karibu na Aprili. Mtoto wa shemeji alipewa hilo. Akaacha kula."

Fundi akacheka kidogo kwa mara ya kwanza siku hiyo. Jibu la namna hiyo, akasema, aliwahi kupewa na wakwe.

Nikataka kumkumbusha kwamba hata hiyo namba ikija bado kuna Bodi ya Mikopo, na kwa mtoto wa fundi viatu hapo ndipo penye jibu lenyewe. TCU inakwambia umepata kiti, Bodi inakwambia kama una nauli ya kukifikia. Nikameza maneno. Fundi alikuwa anagonga soli moja kwa mara ya nne.

Aliyetufumbua macho ni dada wa mihogo. Hakuwa amesema neno tangu asubuhi.

"Kaka fundi, kwani hayo maombi ulijaza kwa simu ya nani?"

Kimya.

Ikabidi fundi aeleze. Maombi yalipofunguliwa Julai dogo alikuwa kambini JKT, Mafinga huko, simu hana. Kwa hiyo baba alibeba vyeti akaenda steshenari ya jirani na sokoni. Kijana wa pale, mwepesi wa vidole, akamuuliza barua pepe. Sina. Akamuuliza namba ya simu. Fundi akaitaja, lakini siku hiyo simu ilikuwa imezima chaji na kijana alitaka namba inayopokea meseji palepale. "Akaniambia usijali mzee, nitaweka yangu, tutabadilisha baadaye."

Usijali mzee! Nikasonya msonyo ambao mbuzi wa ng'ambo ya barabara alinyanyua kichwa. Hayo maneno mawili yamewala watu wengi nchi hii kuliko kupe.

"Haina shida," akasema bodaboda. "Unaingia kwenye akaunti ya chuo, unaomba watume tena."

"Watatuma wapi?" akauliza dada wa mihogo, huku akigeuza muhogo.

Kwenye namba ileile. Na neno la siri la kuingilia analo nani? Kijana wa steshenari. Na steshenari? Ina kufuli tangu Ijumaa, kaenda msibani Korogwe. Fundi akapiga. Mzee wa reli akapiga. Mimi nikapiga. Yule mama wa kwenye mtandao akatujibu wote watatu kwa adabu ileile kwamba haipatikani.

Hapo ndipo tukamwona dogo mwenyewe akitokea kona ya saluni, kichwa bado kipara cha kambini, mkate mkononi. Alipoona tumekusanyika akasita, akageuka, akapita uchochoro wa msikitini ambao unamzungusha robo saa nzima.

"Mnamkimbiza nyie," akasema dada wa mihogo. "Asubuhi kaulizwa mara sita kabla hajafika dukani. Hata mimi nimemuuliza."

Mimi nilikuwa wa pili na wa tano.

Bodaboda alikuwa ameshapiga kiki. "Panda mzee, tuzungukie uchochoroni tumchukue. Tunakwenda chuoni wenyewe, tukaulize dirishani kabla hawajafunga." Fundi akapanda na nyundo yake mkononi, kiatu cha mteja kimebaki juu ya benchi kikiwa na soli nusu.

Mzee wa reli akawatazama mpaka vumbi likatulia. Halafu akatazama huku, akatazama kule, akaila ile kingi.