Ufa Usio na Mwenyewe

Adhana ya alfajiri ilikuwa imekwisha, na chai ya tangawizi ndiyo kwanza inaanza kuchemka, niliposikia kifungua mimba wangu akiita kutoka ukumbini. Aliita "Mama" mara moja tu, kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeona nyoka na hataki kumshtua.

Laptopu ilikuwa wazi juu ya meza. Nusu ya kioo iliwaka kama kawaida, na nusu ya pili ilikuwa doa jeusi mithili ya wino uliomwagika. Kutoka pembe ya chini, upande wa kushoto, ufa ulipanda kama mzizi, kisha ukagawanyika mara tatu. Nilipitisha kidole juu yake. Hapakukwaruza. Ufa wenyewe ulikuwa ndani.

"Umeiangusha?"

"La, Mama. Wallahi jana usiku niliifunga nzima, nikaiacha hapa hapa. Nimeifungua sasa hivi."

Laptopu ile ilikuwa zamu yangu ya chama. Sisi kina mama wa mtaa mmoja hapa Tudor, Mombasa, huchanga kila mwezi, na zamu yangu ilipofika, kijana wangu huyo alikuwa ameitwa chuo kusomea uhandisi. Nilikuwa na haja ya kabati, na bati la jikoni lilikuwa linavuja. Nikaacha yote hayo, nikalipa Sh62,000. Ndani ya boksi mlikuwa na kadi ya waranti ya mwaka mmoja. Niliitia kadi pamoja na risiti katika bahasha moja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Asubuhi ya ufa, miezi saba ilikuwa imepita.

Baada ya chai, baba watoto alituketisha sote. "Hapigwi mtu," alisema. "Nataka ukweli tu." Binti yangu wa kati alisema aliitumia Jumamosi kwa kazi ya shule, akairudisha. Kitinda mimba alilia kabla hajaulizwa. Dada anayetusaidia kazi za nyumbani, msichana wa Kinango aliyekaa nasi mwaka wa tatu sasa, alisimama mlangoni mwa jikoni na kitambaa mkononi. "Mimi jana jioni nilipangusa meza," alisema. "Laptopu sikuigusa. Niliizunguka tu."

Mama mkwe wangu, aliyekuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, alisema polepole: "Kikulacho ki nguoni mwako."

Hakumtaja mtu. Lakini macho ya wote yalielekea mlango wa jikoni, na yangu yalikuwamo.

Siku hiyo hiyo nilipanda tuktuk hadi dukani, bahasha imo mkobani. Kijana wa kaunta alinipokea kwa adabu. Aliinua mfuniko, akatazama, akaufunga. Haikufika dakika moja. "Kioo kikipasuka, mama, waranti haiingii," alisema, na kwenye fomu akaandika herufi tatu: CID.

"Hiyo ndiyo nini?"

"Ni uharibifu uliosababishwa na mteja."

"Mteja gani? Alifanya nini?"

"Hilo sijui, mama. Lakini kioo hakipasuki chenyewe."

Kioo kipya, aliniambia, ni Sh18,500, na hulipwa kabla ya kazi. Nilitaka kumjibu, lakini maneno yalinikwama kooni. Nilichukua laptopu na ile fomu, nikarudi nyumbani.

Mama mkwe aliposikia herufi zile alishtuka. "CID? Yaani tumeshatiwa polisi?" Nikamweleza maana yake. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi hata dukani wamejua ni mtu wa humu ndani."

Hivyo ndivyo neno la kaunta lilivyoingia nyumbani kwetu. Kijana yule aliliandika kwa sababu ya kioo, nasi tukalichukua kuwa ushahidi juu ya watu. Baba watoto akaanza kumwambia kijana wetu kuwa hajui thamani ya kitu. Binti akawa hasemi na kaka yake, kwa kuwa alimsikia akisema kuwa aliyeitumia Jumamosi si yeye. Kitinda mimba akawa anapita ukumbini ameficha mikono nyuma. Na mimi, mwenye kuandika haya, nilimuuliza dada mara tatu katika siku mbili kama ana hakika kitambaa chake hakikuwa kizito, kama hakukitua kikapu cha nguo mezani, kama hakuegemea. Kila mara alinijibu lile lile. Kila mara nilimuuliza upya.

Usiku wa Alhamisi nilimkuta akikunja leso zake na kuzitia kwenye begi.

"Mama," alisema bila kuniangalia, "mimi siwezi kukilipa kioo. Na siwezi kuonyesha kuwa sikukivunja. Mtu ataonyeshaje jambo ambalo hakulifanya?"

Nilisimama pale siwezi kusema. Hayo ndiyo maneno niliyoyatafuta pale kaunta nikayakosa. Kijana wa duka alikuwa hajui kilichotokea, akaamua kwamba kutojua kwake ni hatia yangu. Nami nilikuwa sijui kilichotokea, nikautwika mzigo ule ule mtu wa chini yangu, ambaye hana hata risiti ya kunitolea. Niliketi kando ya begi lake, nikamwomba radhi. Hakunijibu haraka. Mwishowe alisema atakaa hadi mwisho wa mwezi, kisha ataona.

Kesho yake nilikwenda Mwembe Tayari kwa fundi mmoja mtu mzima, ambaye meza yake ni pana kama mlango na imejaa mabodi ya simu. "Sifungui hata skrubu moja," aliniambia. "Nikifungua mimi, watasema nimeharibu mimi." Akawasha tochi ya simu, akainamia kioo.

Alikuwa anatafuta alama ya pigo. Kioo kikigongwa, au mtu akifunga mfuniko juu ya kalamu, nyufa hutawanyika kutoka nukta moja kama utando wa buibui. Kwetu nukta hiyo haikuwepo. Ufa ulianzia ukingoni kabisa, jirani na bawaba ya kushoto. Kisha akaweka kidole kimoja chini ya mfuniko, akauinua. Laptopu nzima ikanyanyuka nao. "Umeona? Bawaba imekaza." Akanionyesha mahali ambapo fremu imeachana na mfuniko, upenyo wa kuingia ukucha.

Alinieleza taratibu. Bawaba hushikwa kwa skrubu zinazoingia kwenye vishikio vidogo vya shaba vilivyozamishwa ndani ya plastiki. Ikikaza, kila ukifungua unaving'oa kidogo kidogo, na siku vikikatika, nguvu yote huhamia kwenye kioo na kukipinda. Na hicho tunachokiita kioo ni vioo viwili, kila kimoja chembamba kuliko sarafu, na katikati yake mna majimaji yanayotengeneza picha. Juu pamegandishwa utando wa plastiki, ndiyo maana kidole changu hakikuuhisi ufa. Nafasi kati ya kioo na kibodi nayo ni finyu mno. Kijana wangu, aliyenisindikiza, alisema amesoma kuwa mwaka 2020 Apple iliwatahadharisha wenye MacBook wasifunge mfuniko wakiwa wamebandika kifuniko juu ya kamera, kwani kioo huweza kuharibika.

"Kwa hiyo ni bawaba," nilisema.

"Naona hivyo. Lakini sitaapa. Mtu akiinua mfuniko kwa pembe moja kila siku, ufa huja vivyo hivyo."

Nilitamani aape. Nilikuwa tayari kumlipa zaidi ili aape. Alikataa, akanitoza Sh200 kwa kutazama, nami nikaondoka nikilifikiria hilo: mmoja alitazama kwa dakika isiyotimia akahukumu, mwingine alitazama muda mrefu, ushahidi ukielekea upande mmoja, na bado akauzuia ulimi wake.

Njiani nilimuuliza kijana huwa anaifungua vipi. Alisita. "Kwa pembeni, Mama. Mkono mmoja. Mwingine huwa nimeshika kitabu."

Usiku huo niliisoma kadi ya waranti neno kwa neno. Ilisema inahusu kasoro za vifaa na za utengenezaji. Ilisema haihusu kuanguka, kumwagikiwa maji wala matumizi mabaya. Ufa wetu ulikuwa umesimama kati ya milango hiyo miwili, na hakuna mahali palipoandikwa kuwa kisichojulikana chanzo ni cha mteja.

Nilitafuta pia sheria inasemaje. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaostahili, haki ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike na bidhaa hizo, na haki ya kufidiwa hasara inayotokana na kasoro. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inamtaka muuzaji auze kitu kinachofaa kwa kazi yake. Na ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, inayosikiza madai yasiyozidi Sh1,000,000. Unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili, na kesi hutakiwa iamuliwe ndani ya siku 60.

Binti yangu aliniandikia barua kwa simu, ukurasa mmoja. Niliomba mambo matatu. Kwanza, waitazame bawaba. Pili, waandike walichokiona. Tatu, wakisema mteja ameharibu, waeleze ni alama gani inayoonyesha hivyo. Nikataja vifungu vya sheria. Na mwisho nikaandika kuwa kijana wangu huifungua kwa pembe, mkono mmoja.

Baba watoto aliposoma mstari huo alikunja uso. "Utajitia kitanzi mwenyewe."

"Siwezi kuwadai wao ukweli mzima huku wangu nimeukata," nilimwambia. Mstari ukabaki.

Safari ya pili dukani niliomba kumwona msimamizi. Alikuwa mtu wa makamo, akaisoma barua yote, akarudia mstari wa mwisho, kisha akamwita fundi wake na laptopu ikafunguliwa mbele yetu. Vishikio viwili vya bawaba ya kushoto vilikuwa vimekatika, na kipande cha plastiki kikaanguka mezani. Fundi aliijaribu bawaba kwa mkono. "Hii imekaza tangu kiwandani," alisema, "ile ya kulia iko sawa." Msimamizi alipiga picha, akazituma makao makuu, akaniomba subira.

Nilisubiri siku kumi na moja. Kijana alikwenda chuo na daftari, na usiku aliazima simu ya baba yake. Nilipiga simu dukani kila baada ya siku mbili, na kila mara niliandika jina la siku, saa na jibu nililopewa.

Jibu lilipokuja lilikuwa hili: bawaba na mfuniko wa nyuma vitabadilishwa bure, maana hiyo ni kasoro yao. Kioo tugawane, kila upande Sh9,250. Nilijua ningeweza kwenda mahakamani kudai zote. Lakini pale kwenye barua yangu mwenyewe palikuwa na mkono mmoja na pembe moja, na sikuweza kujifanya sikuviandika. Nikakubali, kwa sharti moja: ile CID ifutwe.

Msimamizi alinitazama. "Hilo linakusumbua kuliko pesa?"

"Kuna mtu nyumbani kwangu ambaye neno hilo limemwangukia," nilisema.

Alichukua kalamu, akazipiga mstari zile herufi tatu, na chini yake akaandika: "Chanzo hakijathibitishwa. Bawaba ya kushoto imekaza, vishikio viwili vimekatika." Akatia sahihi na muhuri wa duka.

Usiku ule, baada ya chakula, niliwakusanya wote pale pale tulipoketi asubuhi ya kwanza, na safari hii dada hakusimama mlangoni, nilimvutia kiti. Nikaisoma fomu kwa sauti. Mama mkwe aliomba nirudie. Nikarudia. Kisha akamgeukia dada, akasema: "Mwanangu, siku ile nilitoa neno. Nisamehe." Baba watoto naye akamwambia kijana maneno yake, kwa sauti ya chini, ambayo sikuyasikia yote wala sikupaswa kuyasikia.

Laptopu ilirudi Jumanne iliyofuata. Sasa hufunguliwa kwa kushika katikati ya mfuniko, na hakuna kitabu kinachowekwa juu yake. Mwisho wa mwezi ulikuja ukapita, na begi la dada liliendelea kukaa juu ya kabati, tupu.

Kwa muda mrefu aliendelea kupangusa meza kwa kuizunguka laptopu, akiacha chini yake mraba wa vumbi. Nilikuwa nikiuona mraba ule kila jioni, na sikumwambia kitu. Wiki iliyopita, nikiwa nakuna nazi jikoni, nilimwona ukumbini akitua kitambaa. Aliinua laptopu kwa mikono miwili, akaiweka kitini, akapangusa meza yote hadi pembeni, kisha akairudisha mahali pake.