Kesi ya Zuko Chini ya Mbuyu

Kima ndiye aliyeileta katuni Mbuyuni. Alirudi kutoka upande wa watu na projekta, spika moja na jenereta ndogo, akatundika shuka jeupe kwenye shina la mbuyu. Tangu siku hiyo, kila jua lilipozama wanyama walikusanyika: wenye pembe nyuma, wenye mbawa matawini, watoto mbele mchangani. Walichoonyeshwa ni Avatar: The Last Airbender, kazi ya Wamarekani wawili, Michael Dante DiMartino na Bryan Konietzko, iliyorushwa na kituo cha Nickelodeon kuanzia mwaka 2005 hadi 2008. Sehemu 61, vitabu vitatu: Maji, Ardhi na Moto. Kima alitafsiri papo hapo kwa maikrofoni, mtindo wa ma-DJ wa vibanda vya video, na neno lilipomshinda alitunga lake.

Kisa chenyewe kilieleweka upesi. Taifa la Moto limepiga vita miaka mia. Wahamaji wa Hewa wameangamizwa, amebaki mmoja, Aang, mtoto wa miaka 12 aliyelala ndani ya barafu karne nzima. Huyo ndiye Avatar, mwenye kipaji cha kuamuru maji, ardhi, moto na hewa. Lakini wengi waliokuja kumwona Aang waliondoka wakimzungumzia anayemwinda, mwanamfalme Zuko. Zuko alikuwa na miaka 13 alipothubutu kupinga, mbele ya baraza la vita, mpango wa kuwatoa kafara askari wapya. Baba yake, Ozai, alimchoma uso mbele ya umati, akamfukuza nchini, akamwambia asirudi bila Avatar.

Nyuma ya kichuguu, mbali na wenzake, palikuwa na mtazamaji ambaye hakualikwa. Kijana wa Fisi. Mwaka wa ukame wajomba zake waliingia usiku katika kichaka cha kanga, naye alikuwamo. Bi Kanga alipoteza vifaranga wote wa mwaka ule. Baadaye kijana akaukimbia ukoo wake, na usiku wajomba walipopanga kurudi, yeye ndiye aliyekuja kumwamsha Nungunungu na kusema, "Wanakuja." Tangu hapo Nungunungu alimpa makombo na mahali pa kulala kando ya shimo lake. Kijiji kilinyamaza. Hakikumkubali, hakikumfukuza, na kesi yake iliahirishwa kila baraza lilipokaa.

Ikafika sehemu ya mwisho ya kitabu cha pili. Zuko alikuwa amejificha Ba Sing Se, mji wa kuta, akihudumu katika duka la chai pamoja na Iroh, baba yake mkubwa. Alikuwa amemfungua Appa, nyati arukaye wa Aang, kutoka gereza lililo chini ya Ziwa Laogai, na baada ya tendo hilo jema akaanguka kwa homa, kana kwamba mwili wake haukumjua mtu aliyefanya vile. Mbuyuni walimshangilia. Swala akatangaza kwamba kijana amepona. Kisha mapango yaliyo chini ya mji. Katara, ambaye mama yake aliuawa na askari wa Taifa la Moto, alimgusa Zuko kovu, akawa tayari kulitibu kwa maji matakatifu aliyokuwa akiyahifadhi. Akaja Azula, dada yake Zuko. Akamtaka achague upande.

Zuko alimchagua Azula. Aang akapigwa radi mgongoni. Iroh alibaki nyuma kuwazuia maadui ili watoto watoroke, akakamatwa.

Na petroli ikaisha usiku uleule. Watazamaji wa Marekani walionja uchungu huo kwa muda mrefu zaidi: sehemu hiyo ilirushwa Desemba 2006, na kitabu cha tatu hakikuanza hadi Septemba 2007. Mbuyuni walingoja Kima apate petroli, na katika kungoja huko ndiko kijiji kilikokaribia kupasuka.

"Waandishi wametudanganya," Swala alisema. "Homa ile ilikuwa ya nini, basi?"

"Shikamoo, Babu Ndovu," wadogo wakamwamkia, maana Ndovu alikuwa amesimama.

"Marahaba. Rudini mwanzo, wajukuu zangu. Kila mtoto yule alipopewa njia mbili, alitazama ipi inaelekea kwa baba yake. Karibu miaka mitatu anaota mlango mmoja. Homa ilimwonyesha kwamba upo mlango mwingine. Haikuufunga ule wa kwanza."

Mimi nasimama na Ndovu. Zuko angebadilika pale pangoni tungefurahi usiku mmoja, na kisa kingekuwa kimepoteza kitu kikubwa, kwa sababu alihitaji kurudi nyumbani, kuketi kando ya baba yake, kupewa heshima yote aliyoililia, ndipo aone kwamba haimshibishi. Mgeuko wa kisa ulioandikwa kwa uaminifu hukuudhi kwanza, kisha hukulazimisha kurudi nyuma, na unaporudi unakuta nyayo ulizozipita bila kuziona. Za Zuko zilikuwa pale tangu sehemu ya kwanza.

Lakini nani alikuwa na subira ya kurudi nyuma? Chiriku waligawana matawi: wanaotaka Katara aolewe na Aang mashariki, wanaotaka aolewe na Zuko magharibi, na jozi moja ya chiriku ilihamisha kiota katikati ya msimu kwa sababu hiyo. Sungura alitunga mwisho wake, ambamo Zuko anamwangusha Azula pale pale, na wengi wakaapa kwamba wa Sungura ndio mwisho wa kweli. Kunguru, aliyekwisha kutazama yote kwenye madirisha ya watu, alipasua mbarika kwa malipo: karanga kumi kwa jina la mume, ishirini kwa jina la atakayefungwa. Huyo simsamehe kwa urahisi. Kumnyang'anya mwenzako mshtuko ambao waandishi walimwandalia kwa miezi ni wizi, hata ukiuita habari.

Kisha Kicheche akapanda juu ya kisiki.

"Mnamlilia Zuko wa kwenye shuka, na Zuko wenu amelala nyuma ya kichuguu! Mmemwona yule? Alipewa chai, akapewa nyumba, akahurumiwa na msichana aliyemtendea ubaya. Aligeuka. Ndivyo walivyo."

Hakuna aliyemjibu. Kesho yake Nungunungu aliukuta mtungi wake wa maji umevunjwa, na watoto wa nguruwe walimtupia kijana wa Fisi mawe aliposhuka mtoni. Kijana alikwenda kwa Mzee Kobe, akainama, akasema, "Mzee, mimi sikuwamo pangoni kule."

Hapo ndipo roho yangu inapouma. Sioni ubaya wowote kukesha mkibishana juu ya mtu aliyechorwa; ni kazi ya heshima, maana wachache wetu hupata mahali pengine pa kupima, kwa utulivu na kwa sauti, msaliti ni nani na huruma ina mipaka gani. Lakini Zuko alikuwa na waandishi waliojua wanampeleka wapi. Kijana wa Fisi hakuwa na wa kumwandikia sehemu inayofuata. Kumhukumu yeye kwa kosa la Zuko ni dhuluma, na kumpa msamaha kwa toba ya Zuko ni dhuluma pia, kama Mbuyuni walivyokuja kuonyesha.

Petroli ilipopatikana, kitabu cha tatu kikaanza. Zuko alipata kila alichokitaka, na kadiri alivyokipata ndivyo alivyozidi kufura kwa hasira asiyojua chanzo chake. Siku jua lilipopatwa alisimama mbele ya Ozai, akamwambia wazi kwamba lilikuwa jambo katili kumchoma mtoto, na kwamba anakwenda kujiunga na Avatar. Akawafuata akina Aang hadi Hekalu la Hewa la Magharibi, wakamkataa. Toph, msichana kipofu aliyekuwa tayari kumwamini, alikwenda kuzungumza naye usiku, na Zuko kwa kushtuka akamchoma miguu. Hata kutubu alitubu vibaya, na kwa hilo nawashukuru waandishi kuliko kwa vita vyote walivyovichora.

Mbuyuni wakayeyuka. Midomo iliyokuwa ikisema "ndivyo walivyo" ikaanza kusema "maskini kijana wetu." Sungura akatunga wimbo wa mapokezi, Nyani akatafuta ngoma, na Kicheche akajipanga mbele ya msafara wa kwenda kichuguuni. Walipita mbele ya kichaka cha kanga wakiimba. Bi Kanga hakuna aliyemuuliza kitu.

Usiku ule Kima alionyesha ile sehemu ambayo Zuko anamsaidia Katara kumtafuta Yon Rha, askari aliyemuua mama yake. Wanampata, mzee sasa, amepiga magoti kwenye tope. Katara anaisimamisha mvua yote hewani, anaigeuza barafu yenye ncha, anaitupa, kisha anaizuia kabla haijamgusa. Mzee anajitetea kwa kumtoa mama yake mwenyewe auawe badala yake. Katara anamtazama, anaona jinsi alivyo mtupu, anaondoka. Baadaye anamwambia Aang kwamba hakumsamehe mtu yule na hatamsamehe kamwe. Ambaye Katara anamsamehe ni Zuko.

Mabishano yakaripuka. Swala alisema fundisho ni kwamba kisasi hakifai. Chui alisema Aang anahubiri mno, na kwamba aliyepoteza mama asifundishwe na mtoto wa miaka 12. Ndovu akamkumbusha kuwa Aang alipoteza taifa zima.

"Kima," ilisikika sauti kutoka upande wa kichaka. "Rudisha."

Alikuwa Bi Kanga, ambaye hakuwahi kusema neno tangu shuka litundikwe. Kima akarudisha. Bi Kanga akatazama mpaka mwisho amesimama.

"Aang alimwambia asamehe," alisema. "Hakusamehe. Wala hakuua. Mmeliona hilo? Kuna mahali katikati ya kuua na kusamehe, na ninyi hamjawahi kunipa nafasi ya kukaa hapo. Jana mlitaka afukuzwe kwa ajili yangu. Leo mnampigia ngoma mlangoni kwangu. Lini mtanisikia mimi?"

Nyani aliishusha ngoma.

Zilibaki sehemu chache. Fainali iliwagawa kuliko zote. Aang lazima amshinde Ozai, na Avatar wanne waliomtangulia, hata Yangchen aliyekuwa wa taifa lake la Hewa, wanamwelekeza kwamba wajibu wake unazidi usafi wa roho yake. Anakataa kuua. Vita ikiwa imekaribia anajikuta juu ya mgongo wa kobe-simba, kiumbe wa kale mkubwa kama kisiwa, anayempa elimu ya kumwondolea mtu uwezo wa kuamuru moto bila kumtoa uhai.

"Hila!" Chui alinguruma. "Wamemwokoa kwa kitu kilichoanguka kutoka mawinguni."

"Hakikuanguka," Ndovu akasema. "Kitabu cha pili, ndani ya maktaba ya Wan Shi Tong, Aang aliikuta picha ya kobe-simba." Bundi alitikisa kichwa kuthibitisha, kwa kuwa mwenye maktaba ile ni bundi na yeye aliitazama sehemu hiyo kwa makini kuliko zote.

"Picha moja, kufumba na kufumbua! Hiyo ndiyo mbegu?"

Hapa namwacha Ndovu kidogo. Uchaguzi wa Aang ni wa kweli kabisa; akiua, mtu wa mwisho wa Hewa atakuwa amemaliza kwa mkono wake kile ambacho Taifa la Moto lilishindwa kukimaliza, yaani imani ya watu wake. Ila ufunguo ulimfikia mwishoni kabisa, na laiti angeutafuta, akaukosa, akautafuta tena, Chui asingepata la kusema. Mzee Kobe, aliyefurahi kupita kiasi kuona jamaa yake akifanya mambo makubwa, aliongeza jambo ambalo wote walikuwa wamelipita: Ozai aliachwa hai, lakini gerezani, na nguvu zake zimeondolewa.

"Hata huruma ya Aang ilikuwa na mlango na kufuli," alisema. "Sasa tukae baraza. Kesi hii tumeiahirisha vya kutosha."

Kijana wa Fisi akaitwa. Alikuwa ameona jinsi Zuko alivyopiga magoti ndani ya hema akingoja Iroh aamke, na jinsi Iroh alivyomvuta kifuani kabla hajamaliza kuomba radhi. Kwa hiyo alipiga magoti mbele ya Bi Kanga, akasema alichokifanya usiku ule bila kuwataja wajomba zake, kisha akainamisha kichwa. Alingoja.

"Mimi si Iroh," Bi Kanga alisema. "Yule ni baba yake mkubwa, alikuwa anamkumbatia mwanawe. Wewe si mwanangu. Wanangu mliwala."

"Ndiyo, Bi Kanga."

"Sikusamehe. Sijui kama nitakusamehe. Lakini ulikuja kusema 'wanakuja', na nilio nao leo wako hai kwa neno hilo, nalo silisahau. Utakaa Mbuyuni. Utapita njia ya mtoni, hutapita kichakani kwangu. Masika, nitakapotaga, utalinda upande wanaotokea wajomba zako, na kila alfajiri utaniita kutoka mbali, nijue ungali hapo. Mwakani nitakuita barazani tena."

"Na nikikosea?"

"Utakuwa umekosea wewe, si Zuko."

Mzee Kobe aliuliza kama kuna mwenye neno. Nungunungu alikuwa nalo, juu ya mtungi. Macho yalimwendea Kicheche, naye hakuona pa kuyakwepa. Aliulipa kabla ya mwezi kuandama. Chui akasimama usiku uleule kufungua kesi ya Azula, aliyekuwa na miaka 14, na ambaye hakuna aliyemfuata alipoanza kuvunjika. Bi Kanga aliomba kuwa wa kwanza kusema.