Saa ya Kuamshia Ilikuwa Mguuni

Nyumbani kwangu Tabata, alfajiri ilikuwa na utaratibu wake. Inaanza adhana, anafuata jogoo wa jirani, kisha nafuata mimi: "Mama yangu weee!" Hapo ndipo watoto wanapoamka kwenda shule. Kwa zaidi ya nusu mwaka hakuna aliyehangaika kutega saa ya simu, maana baba alikuwa anakanyaga sakafu saa kumi na moja na nusu kamili.

Maumivu yalikaa kwenye uvungu wa wayo wa kulia, yakianzia kisiginoni. Hatua ya kwanza nimekanyaga msumari wa moto. Ya pili, msumari umepoa kidogo. Nikifika chooni, nimeshika ukuta kama mlevi, yanalegea, na nikitoka getini natembea kama mtu mwenye akili zake. Nikae ofisini saa mbili, niinuke, tunaanza upya.

Chanzo nilikijua, ila sikutaka kukisema. Nilitimiza miaka 46, shati likaanza kugombana na kifungo cha tumboni, nikajiunga na wale wa mchakamchaka wa Jumamosi. Mtu ambaye kwa miaka kumi safari yake ndefu ilikuwa kutoka kwenye kochi hadi kwenye friji, siku ya kwanza alikimbia kilomita nane, tena akiimba, ndani ya raba za mtumba. Muuzaji aliniapia kuwa zimetoka Ulaya. Simbishii. Kwa jinsi soli ilivyolika, nadhani zilikuja kwa miguu.

Mtaani kwetu ukichechemea tu, madaktari wanajitokeza. Shangazi alisema nimekanyaga kitu cha watu, akaniamuru niloweke mguu kwenye maji moto yenye chumvi ya mawe. Mwenzangu wa ofisini akasema hiyo ni gauti, niache nyama. Nikaacha wiki tatu. Mguu ukaendelea kuuma na mimi nikaongeza kununa. Mwisho nikapiga eksirei, ikaonyesha kimfupa kimechomoza chini ya kisigino kama mwiba. Jirani yangu, fundi seremala, akaiinua ile picha juani kama mtu anayekagua noti bandia.

"Jirani, huo unapigwa randa tu. Dakika tano."

Usiku huo niliota nimelala juu ya benchi la useremala. Kulipokucha nikaenda kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Nilimkuta binti mdogo, wa umri wa kunipa shikamoo, na akanipa. Kabla hajagusa mguu aliomba viatu. Akavigeuza, akatazama soli, akatikisa kichwa kama fundi gereji aliyefungua boneti. Kisha akabonyeza kwa kidole gumba pale kisigino kinapoishia na uvungu kuanza, upande wa ndani. Nusura nitokee dirishani.

"Ni hapo," akasema, kana kwamba kata nzima haikuwa imeshapata taarifa.

Akanieleza kuwa mguu mmoja, kuanzia kifundo kushuka chini, una mifupa 26, na tao lake limejipinda kama uta. Upote wa uta huo ni kano pana inayotoka kisiginoni hadi kwenye mashina ya vidole. "Wewe, baba, umevuta kwa siku moja upote uliolala miaka kumi." Usiku wayo unalala vidole vikielekea chini, kano inajikunja, asubuhi hatua ya kwanza inaivuta ghafla, ndipo majirani wanapomsikia mama yangu akiitwa. Na ule mwiba wa kwenye picha? Akacheka. Wapo wengi wanaotembea nao na hauwaumi kitu. Wengi wenye shida kama yangu wanapona bila kisu, ila kwa miezi, si kwa siku. Sindano ipo, lakini mara nyingi nafuu yake ni ya muda, na inaweza kuidhoofisha kano yenyewe.

"Sasa dawa ni nini?"

"Kazi, baba."

Kazi ya kwanza ilikuwa kitandani, kabla ya kukanyaga chini: nivute vidole kuelekea ugoko, nihesabu hadi kumi, nirudie mara kumi. Mkono wangu haukufika. Tumbo lilikuwa limetangulia. Mke wangu akanipa kanga kuukuu nizungushie wayo, imeandikwa "Japo sipati, tamaa sikati." Nikaipokea kama cheti cha dawa.

Ya pili, niegemee ukuta, mguu mbovu nyuma, goti limenyooka, kisigino chini, nihesabu thelathini, kwa sababu shavu la mguu likikaza linakivuta kisigino, nacho kinaivuta kano. Fundi seremala akanichungulia juu ya uzio: "Jirani, huo ukuta ukianguka, mlango niachie mimi."

Ya tatu, marufuku kutembea peku kwenye marumaru. Kandambili zilizolika hadi kisigino kinabusu sakafu zikaenda jalalani, nikanunua viatu vyenye soli nene na kituta cha kubeba uvungu, vya kuvaa ndani. Mbio zikasimama, nikabaki na matembezi mafupi.

Ya nne ndiyo iliyoniponza. Aliniuliza kwanza kama nina sukari au ganzi, maana mguu usiohisi unaweza kuungua na barafu mwenyewe asijue. Wangu ulihisi hadi mawazo. Basi, akasema, gandisha chupa ya maji, vaa soksi, iviringishe chini ya wayo dakika kumi kila jioni.

Jumapili moja mama mkwe akafika kutoka Morogoro, jua limemchosha. Nikamwamkia, akaitikia macho yakiwa kwenye viatu vyangu juu ya marumaru. Akaomba maji ya baridi. Nikiwa natafuta maneno ya kujitetea, mke wangu akatoka jikoni na trei, glasi, na chupa ile. Niliijua: lebo imebanduka, ubavuni ina kibonyeo cha kisigino changu. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, barafu ikawa imeyeyuka vizuri kabisa.

Mbele ya mama mkwe mtu hana kauli nyingi. Ningesema nini, "Mama, hayo ni ya mguu"? Nikakohoa. Akamimina. Akanywa glasi nzima, akashusha pumzi.

"Maji matamu haya, baba. Mmeyachemsha?"

"Yameviringishwa, mama."

Akaitikia kwa kichwa, akaongeza glasi ya pili. Mke wangu akanitazama mimi, akaitazama chupa, akakimbilia jikoni kikohozi kimempata na yeye.

Siku ya kupona siwezi kuitaja. Msumari uligeuka kokoto, kokoto likageuka mchanga. Hakuna aliyenitembelea na machungwa. Nani aje kumpa pole mtu anayevuta kanga? Halafu Jumanne moja nikaamka, nikaoga, nikavaa, nikakaa mezani na kikombe cha chai, nikishangaa utulivu wa nyumba yangu. Nilikuwa bado nashangaa nilipolisikia gari la shule likipiga honi getini, watoto wamelala fofofo.

Mke wangu alitoka chumbani mbio, soksi moja mkononi, ya pili haijulikani iliko.

"Baba, kesho hata kama hauumi, wewe lia tu."